Nani Amemfundisha Mlezi wa Vijana Wetu?

  

Mwezi huu tunaomba tuache kidogo habari za uji wa lishe na kadi za kliniki, tuzungumze juu ya watoto waliokwisha kumaliza chanjo zote, yaani vijana wetu. Tunawasema wale walio katika madarasa ya kipaimara, walio sekondari, waliomaliza shule na bado wanatafuta kazi, na wale wanaongojea ndoa. Hata hivyo hatutasema na vijana wenyewe, kwa maana wao huambiwa kila siku. Tutasema juu ya mtu tunayemkabidhi kuwalea kanisani. Nani alimchagua? Nani alimfundisha? Na nani anamwangalia akiwa kazini?

Tunauliza kwa sababu mlezi huyo mara nyingi ni wewe mama unayesoma. Baraza la wazee linakaa, nafasi iko wazi, na mtu mmoja anasema, "Mama fulani anapenda watoto, tena sauti yake ni nzuri." Jumapili jina linatajwa, unasimama mbele, unaombewa, na vigelegele vinapigwa. Jumapili inayofuata una vijana 40 mbele yako na kitabu cha nyimbo mkononi, wala hakuna mtu aliyekueleza hata neno moja juu ya namna ya kuifanya kazi hiyo. Wengi hujitahidi, na Mungu huwasaidia. Lakini tusimwachie Mungu kazi aliyotuagiza sisi tuifanye.

Sindano haichomwi siku ya kwanza

Sisi tuliopita katika vyuo vya uuguzi tunajua jambo moja. Hakuna mwanafunzi anayeingia wodini siku ya kwanza akapewa sindano na kuambiwa, "Nenda, una moyo wa huruma." Kusomea stashahada ya uuguzi huchukua miaka 3, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mwanafunzi hayuko peke yake. Kwanza humtazama sista akisafisha kidonda. Kisha hushika trei, na sista husafisha. Baadaye mwanafunzi husafisha, na sista husimama pembeni akiangalia mikono yake. Siku anapoachwa peke yake, mwalimu amekwisha kumwona akifanya kazi ile ile mara nyingi, na amemsahihisha.

Hata akihitimu, mwalimu hapotei. Yuko muuguzi mkuu wa wodi, iko ripoti ya zamu, na liko faili la mgonjwa ambalo wengine husoma kuona alichokifanya. Tunafanya hivyo kwa sababu mwili wa mtu ni kitu cha thamani, na kosa dogo laweza kuleta kilema.

Je, roho ya kijana ina thamani ndogo kuliko mkono wake? Mbona mkono hatumkabidhi mtu asiyefundishwa, lakini roho tunamkabidhi yeyote aliye tayari?

Bwana Yesu naye alifundisha hivyo

Wapo watakaosema kwamba mambo ya hospitali si mambo ya Roho, na kwamba aliyeitwa na Mungu hahitaji mafunzo. Tuchukue Injili ya Marko tuone. Katika Marko 3:14 Bwana aliwaweka wale kumi na wawili kwanza wapate kuwa pamoja naye, ndipo awatume. Kuwa pamoja kulitangulia kutumwa. Kwa muda walimwona akiponya, akifundisha, akiwajibu wenye hila na kuwapokea watoto.

Tukifika Marko 6:7 tunaona akiwatuma, tena wawili wawili. Hakumtuma mtu peke yake. Katika mstari wa 30 wanarudi na kumweleza yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Hiyo ndiyo ripoti ya zamu! Na katika mstari wa 31 anawaambia waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Tena katika Marko 9:28, walipokuwa wameshindwa kumsaidia kijana mmoja aliyeteswa tangu utoto, walimwuliza Bwana sababu wakiwa nyumbani, faraghani, naye akawaeleza.

Basi huo ndio utaratibu wote: kukaa karibu na mwenye ujuzi, kutumwa wawili wawili, kurudi kutoa taarifa, kupumzika, na kusahihishwa faraghani. Semina ya siku moja yenye pilau na vyeti ni nzuri, lakini haiwezi kushika mahali pa utaratibu huo. Semina humpa mtu maneno. Ulezi hujifunzwa kwa kukaa karibu na mlezi.

Wazee wetu hawakubahatisha

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Pwani msichana alikuwa na somo wake, na kungwi hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Naye alikuwa ameketi miaka mingi karibu na makungwi waliomtangulia, akajifunza la kusema, la kunyamazia na wakati wake. Hatusemi kwamba kila lililofundishwa huko lilikuwa jema, kwa maana mengine tumeyaacha kwa sababu ya imani yetu na mengine kwa sababu ya afya. Tunasema tu kwamba wazee hawakumkabidhi mtoto kwa mtu asiyefundishwa.

Baadhi ya waliotuletea Injili waliliona hilo. Kule Masasi, Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Anglikana huko mwaka 1926, alishirikiana na mapadre Waafrika kulifanya jando liwe la Kikristo, badala ya kulifuta na kuacha pengo. Uchagani, mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefika huko mwaka 1902, aliwaweka vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kutunzana, akifuata desturi ya rika aliyoikuta kwa Wachaga. Watu hao walijua kwamba kijana hakui kwa kuhubiriwa tu. Hukua akiwa na mtu mzima aliye karibu naye na wenzake wachache wanaomjua kwa jina.

Siku hizi mambo mengi ya zamani yamekwisha. Shangazi yuko mkoa mwingine, bibi yuko kijijini, na mama yuko kazini au sokoni tangu alfajiri. Nafasi ya somo na shangazi imebaki wazi, na kijana huijaza kwa simu yake. Kama kanisa haliweki mtu aliyeandaliwa hapo, ulimwengu umekwisha kumweka wa kwake.

Upendo usio na mafunzo

Tunamkumbuka binti mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala mahali. Alikuwa kidato cha tatu, mwimbaji wa kwaya. Hakuona siku zake kwa miezi miwili. Kwa kumwogopa mama yake, alimwendea mlezi wa vijana baada ya ibada. "Shikamoo mama," akasema, na machozi yakamtangulia. Mlezi alimkumbatia, akamwambia, "Marahaba mwanangu, usilie, tutaomba." Alikuwa mama mwenye upendo wa kweli. Katikati ya juma, kwenye maombi, akawaomba wote wamwombee dada mmoja wa kwaya aliyeanguka.

Hakutaja jina. Lakini waimbaji wasichana walikuwa tisa, na watu wanajua kuhesabu. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika shuleni na mtaani, na hatimaye nyumbani, ambako baba aliisikia kutoka kwa jirani. Binti yule akaenda kwa mtu wa vichochoroni anayedai kusaidia. Sisi tulimpokea wodini usiku akiwa ametoka damu nyingi, ana homa, na hata miguu haimbebi. Alipona, tunamshukuru Mungu. Kanisani hakurudi, na hatuwezi kumlaumu.

Akina mama, mlezi yule hakukosa upendo wala maombi. Hakuna mtu aliyemfundisha kwamba siri ya mtu haitolewi hata kwa njia ya sala. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo la kwanza lilikuwa kumpeleka binti zahanati akapimwe, na la pili kumsaidia kumweleza mama yake, mlezi akiwa ameketi pembeni. Na kama angejua kwamba tangu tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa mwanafunzi aliyepata mimba aweza kurudi shuleni baada ya kujifungua, angeweza kumwambia binti yule kwamba maisha yake hayajakwisha.

Wala tusidhani jambo hili ni la nadra. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Na utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wametendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Ukiwatazama vijana wanaoketi mbele yako Jumapili, ujue kwamba baadhi yao wamebeba mizigo hiyo, nao wanakutazama waone kama wewe ni mtu wa kuambiwa.

Mambo matano ya kumfundisha mlezi

1. Kusikiliza. Wengi wetu tukiletewa shida tunajibu kabla haijamalizika kusemwa. Tunarukia aya, tunarukia onyo, au tunaanza kusimulia ya kwetu. Mlezi na afundishwe kunyamaza. Mwulize kijana, "Je, kuna zaidi?" kisha ungoje. Kuhani Eli, pamoja na udhaifu wake wa kulea wanawe, alimsaidia Samweli vizuri usiku ule wa 1 Samweli 3. Hakujifanya yeye ndiye sauti ya Mungu. Alimwonyesha kijana namna ya kuitika, akamrudisha akalale.

2. Kutunza siri, na kujua mpaka wake. Katika kazi yetu habari za mgonjwa hazitolewi nje ya wodi, hata kwa ndugu mwenye nia njema. Mlezi naye asipeleke habari za kijana kwenye maombi, wala kwa rafiki, wala kwa mumewe mezani. Lakini siri ina mpaka. Kama kijana anatendewa ukatili, au anasema anataka kujidhuru, au uhai uko hatarini, mlezi hawezi kunyamaza. Kwa hiyo asiahidi mapema kwamba hatamwambia mtu. Na aseme hivi: "Mwanangu, nitalitunza neno lako. Kama ni jambo la hatari, tutatafuta pamoja mtu wa kutusaidia, nami nitakuambia kwanza." Mfundisheni maneno hayo mpaka yamkae mdomoni, maana siku ya shida hakuna nafasi ya kuyatafuta.

3. Kujua mahali pa kupeleka. Zahanati ikizidiwa, humpa mgonjwa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali, na hakuna aibu katika hilo. Mlezi naye si daktari, wala si hakimu, wala si polisi. Katika daftari lake awe na namba za kituo cha afya, ofisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Iko pia namba 116, simu ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Kijana aliyebakwa afikishwe hospitali upesi, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe. Fomu ya polisi, PF3, itahitajika, lakini kuitafuta kusiwe sababu ya kumchelewesha aliye katika hatari. Aliyesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, afikishwe kwa wataalamu siku hiyo hiyo.

Tunaongeza neno moja zito. Kamwe mlezi asimwambie kijana aache dawa kwa sababu ameombewa. Wapo vijana wetu wanaoishi na VVU tangu kuzaliwa, wapo wenye kifafa, wapo wenye seli mundu. Tunaamini uponyaji, nasi tunaomba pamoja na wagonjwa. Lakini kuacha dawa za VVU kunawapa virusi nafasi ya kuongezeka na kuwa sugu, na kuacha dawa za kifafa ghafla kwaweza kuleta degedege za mfululizo zenye kuua. Daktari ndiye mwenye kupunguza au kusimamisha dawa.

4. Mipaka ya mwili na ya simu. Hapa tuseme wazi, kwa maana aibu imewaumiza watoto wengi. Mlezi asikae na kijana mmoja katika chumba kilichofungwa mlango. Waketi mahali wanapoonekana hata kama hawasikiki, kama vile chini ya mwembe wa kanisa. Mambo ya wasichana yapelekwe kwa walezi wanawake. Safari za kwaya na makambi ziwe na watu wazima zaidi ya mmoja, na mabinti walale mahali pao pamoja na mama wa kuwaangalia. Ujumbe wa simu usiku wa manane kati ya mlezi na mtoto wa mtu usiwepo. Matangazo na yaende kwenye kundi la wote, ambamo mzazi mmoja au wawili wamo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali hapo. Kwa hiyo kuketi kikao cha siri, kulipana fedha au mbuzi na kumhamishia mkosaji usharika mwingine si kulinda jina la kanisa. Huko ni kumpelekea mbwa mwitu kundi jipya.

5. Kukabidhi zamu. Muuguzi hatoki wodini mpaka amemweleza anayeingia hali ya kila mgonjwa. Lakini walezi wetu huhama, hujifungua, huuguza, na vijana hubaki kama kondoo wasio na mchungaji. Mlezi anayeondoka na amtambulishe mwenzake kwa vijana, waketi pamoja wote mara mbili tatu. Zile siri asizikabidhi bila ruhusa ya wenyewe. Amwulize kijana, "Je, ungependa nimweleze mama fulani, au utamwambia mwenyewe?" Kijana akiulizwa hivyo hujua kwamba anaheshimiwa.

Mpango wa miezi sita

Huenda mtasema usharika wenu hauna fedha. Mpango huu hauhitaji zaidi ya madaftari na chai.

Mwezi wa kwanza na wa pili, mlezi mpya aketi nyuma. Asifundishe. Amtazame mlezi mzoefu, aandike anayoyaona: kijana yupi haongei, yupi hukaa peke yake, yupi amebadilika. Kama hakuna mlezi mzoefu katika usharika wenu, muombeni mchungaji awatafutie kwa jirani, au atumike mwalimu mstaafu mwenye sifa njema.

Mwezi wa tatu na wa nne, afundishe yeye, na mzoefu aketi nyuma. Wakimaliza, wakae robo saa wawili tu. Mzoefu aanze kwa kutaja jema alilofanya, kisha jambo moja la kusahihisha, si kumi. Wakumbuke Priskila na Akila katika Matendo 18:26, ambao hawakumkatiza Apolo mbele ya watu, bali walimchukua kwao wakamweleza zaidi. Pia katika miezi hii wafanye mazoezi ya kusikiliza: mmoja awe kijana mwenye shida, mwingine awe mlezi, na wa tatu atazame.

Mwezi wa tano na wa sita, aongoze kikundi pamoja na mlezi mwingine, wawili wawili. Yethro alimshauri Musa kugawa watu mpaka kufikia makumi, nasi tukifuata kipimo hicho, vijana 40 wanahitaji walezi 4 na si mmoja. Kila mwezi walezi wote wakutane na mchungaji au mzee aliyechaguliwa, watoe taarifa, waombe, na waulizane, "Wewe mwenyewe u hali gani?" Mkutano huo usikome miezi sita ikiisha. Mlezi asiyetazamwa na mtu huchoka kimya kimya, au huanza kujiona bwana mkubwa, na yote mawili ni hatari.

Neno kwa mama uliyeombwa kuwa mlezi

Usikubali papo hapo kwa sababu watu wote wanakutazama. Rudi nyumbani, zungumza na mwenzako. Mwambie kazi hii itataka Jumapili mchana na siku moja katikati ya juma, na kwamba yako mambo utakayoyasikia ambayo hutaweza kumwambia. Mume aliyeelezwa mapema hatakuwa na mashaka baadaye. Na kama Mungu amewaita wote wawili, mtakuwa kama Priskila na Akila, na vijana wataona ndoa ya Kikristo kwa macho, jambo ambalo hotuba haiwezi kuwaonyesha.

Waangalie pia watoto wako mwenyewe. Kijana wako hapendi kukuona ukiwasikiliza watoto wa wengine kwa upole halafu ukimfokea yeye jikoni. Kisha waulize wazee wa kanisa bila woga, "Nitajifunza kwa nani? Nitafanya kazi pamoja na nani? Nikishindwa, nitamwendea nani?" Hayo si maswali ya mtu asiye na imani. Ni maswali ya mtu anayejua uzito wa alichopewa.

Neno kwa mama mwenye kijana

Wewe usiye mlezi nawe una kazi. Mjue kwa jina na kwa sura mtu anayekaa na mwanao. Mwalike chai. Mwulize wanafundishwa nini na wanarudi saa ngapi. Mlezi mwema hatachukia kuulizwa, na anayechukia ujue kuna jambo. Mkono mmoja haulei mwana, nao mkono wa pili ni vizuri uujue ni wa nani.

Tena usione wivu mwanao akimweleza mlezi jambo ambalo hakukueleza wewe. Yako mambo ambayo ni rahisi kumwambia asiyeosha vyombo pamoja nawe. Timotheo alipata imani kupitia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, hata hivyo alihitaji Paulo. Na Paulo hakumnyang'anya mama mtoto wake. Alipomwandikia alimkumbusha imani ya mama yake kwanza, katika 2 Timotheo 1:5. Mlezi mwema humrudisha kijana kwa mama yake.

Akina mama wenzetu, mwezi huu chagueni jambo moja. Kama u mlezi, mtafute mwenzako mmoja mfanye kazi wawili. Kama u katika baraza la wazee, waombe waweke mpango huu katika mkutano ujao, tena kabla ya kumtangaza mlezi mwingine. Na kama u mama tu mwenye kijana, mpelekee mlezi wake salamu Jumapili hii, umwulize amefundishwa na nani. Akikuambia hakuna, usimcheke wala usimsengenye. Msaidie apate wa kumfundisha.